Nahodha Mgeni: Mamlaka, Utiifu na Mgawanyiko wa Hadhira katika "Chain of Command"

Utangulizi

Bunilizi ya kisayansi imekaa kwa muda mrefu nje ya ua wa uhakiki wa Kiswahili, na ile ya televisheni imekaa mbali zaidi. Aghalabu huchukuliwa kuwa burudani ya kupitisha jioni, isiyostahili kupimwa kwa mizani inayopimia riwaya na tamthilia. Hata hivyo, Star Trek haina ugeni kamili kwa msomaji wa Kiswahili. Katika mfululizo wa kwanza, uliorushwa nchini Marekani kati ya mwaka 1966 na 1969, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols alipewa jina la Uhura, jina linalotokana na neno uhuru. Makala haya hayahusu jina hilo, bali swali ambalo jina lenyewe linalidokeza: je, uhuru wa anayeamrishwa una nafasi gani ndani ya chombo kisichoweza kuendeshwa bila amri?

Swali hilo halikujitokeza kwa ukali zaidi kuliko katika "Chain of Command", kisa cha sehemu mbili katika msimu wa sita wa Star Trek: The Next Generation, kilichorushwa mnamo Desemba 1992. Katika kisa hicho, Nahodha Jean-Luc Picard anaondolewa kwenye uongozi wa chombo cha Enterprise na mahali pake kushikwa na Edward Jellico, mhusika aliyeigizwa na Ronny Cox. Jellico anaonekana katika sehemu hizo mbili tu za mfululizo wenye misimu saba. Hata hivyo, tangu wakati huo mashabiki hawajaacha kubishana juu yake. Wapo wanaomwona kuwa dikteta mdogo aliyekaribia kuwavunja mabaharia wake, na wapo wanaomwona kuwa nahodha wa kweli aliyepewa maafisa waliodekezwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba mabishano hayo hayawezi kuamuliwa kwa kuorodhesha mema na mabaya ya Jellico, maana chimbuko lake limo katika namna kisa kilivyosimuliwa kabla ya kuwa katika tabia ya mhusika. Aidha, makala yanadai kwamba kisa chenyewe kinatoa kipimo cha mamlaka ambacho kambi zote mbili zimekipuuza. Kipimo hicho hakijali ukali wa kiongozi. Kinachopimwa ni kama aliye chini yake anaweza kusema anachokiona.

Kisa kwa Muhtasari

Taifa la Wacardassia linashukiwa kuunda silaha ya kibaolojia. Picard, Daktari Crusher na Worf wanateuliwa kwenda kwa siri katika sayari ya Celtris III ili kuiharibu. Amiri Nechayev anampa Jellico uongozi wa Enterprise kwa sababu alishiriki katika mazungumzo yaliyozaa mapatano ya awali na Wacardassia. Riker, afisa wa kwanza, anarukwa.

Mabadiliko yanaanza mara moja. Jellico anaagiza zamu tatu za kazi ziwe nne. Anaagiza mitambo ya nishati irekebishwe kwa siku mbili, na wakati huohuo anahamisha theluthi moja ya wahandisi na kuwapeleka kwenye ulinzi. Anamwamuru mshauri wa chombo, Deanna Troi, avae sare rasmi kama maafisa wengine. Samaki wa Picard anaondolewa ofisini.

Silaha ya Celtris III inabainika kuwa chambo. Picard anatekwa na kukabidhiwa kwa Gul Madred, aliyeigizwa na David Warner, anayemtesa ili atoe mipango ya ulinzi wa sayari ya Minos Korva. Jellico anakataa kukiri kwamba Picard alitumwa rasmi, kukataa kunakomnyima mateka haki za mfungwa wa vita. Riker anapinga waziwazi na kuvuliwa wadhifa wake, ambao Data anaushika. Mwishowe Jellico anabaini kwamba kundi la vyombo vya Wacardassia limejificha ndani ya wingu la anga, anatega mabomu humo, anawalazimisha adui kurudi nyuma na kudai Picard arejeshwe. Ushindi ni kamili, na nahodha mgeni anaondoka.

Kambi Mbili na Ushahidi Wake

Wanaomtetea Jellico huegemea matokeo. Vita havikutokea, Minos Korva haikutwaliwa, na mateka alirudi akiwa hai. Huongeza kwamba hakuwa na anasa ya muda. Kabla ya kuachana, Picard alipomwomba ampe Riker nafasi, Jellico alimjibu kwa uwazi wa kuumiza kwamba huenda asirudi, kwamba hakuwa na muda wa kumbembeleza yeyote, na kwamba Enterprise sasa ilikuwa yake. Jibu hilo halina adabu, lakini halina uongo pia. Katika jicho la kambi hii, mhalifu ni Riker. Alipewa agizo la zamu nne, akaenda kushauriana na wakuu wa idara, na nahodha alipouliza, agizo lilikuwa bado halijatekelezwa. Methali ya Waswahili kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama ingeweza kuwa kaulimbiu yao.

Wanaomlaumu huegemea mchakato. Kubadili zamu wakati vita vinanukia, wasema, ni kuwachosha watu kabla ya mapambano. Kuwapunguza wahandisi na papo hapo kuwaongezea kazi ni hesabu isiyolingana. Zaidi ya yote, afisa wa kwanza aliyemweleza nahodha matatizo ya agizo lake alikuwa akitimiza wajibu wa cheo chake, kwani nahodha asiyetaka kusikia habari mbaya hujitoboa macho mwenyewe. Kambi hii hukumbusha pia kwamba mwishowe Jellico alimhitaji mtu yuleyule aliyemfukuza.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kila tukio lina masomo mawili. Data, asiye na hisia za kupendelea upande wowote, anathibitisha kuwa kazi ya siku mbili inawezekana iwapo idara nzima ya uhandisi itatumika. Mtetezi husikia neno inawezekana. Mlaumu husikia sharti linalofuata. Nadharia ya upokezi imekwisha kutoa istilahi ya hali hii. Wolfgang Iser alionyesha kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza, naye Stanley Fish akadai katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba maana huzalishwa na jamii za wafasiri zenye mikakati inayofanana. Henry Jenkins, katika utafiti wake wa mwaka 1992 kuhusu mashabiki wa televisheni, alikataa wazo kwamba shabiki hupokea tu anachopewa. Kwa hiyo mgawanyiko wenyewe si ajabu. La kuulizwa ni kwa nini pengo limekuwa pana kiasi hiki mahali hapa.

Jicho la Usimulizi na Udugu wa Hadhira

Jibu la kwanza linapatikana katika umbo la mfululizo. Kufikia Desemba 1992, mtazamaji wa Marekani alikuwa ameishi na Picard na maafisa wake kwa zaidi ya vipindi 130. Alijua kahawa, vicheko na makovu yao. Hans Robert Jauss angesema kwamba mtazamaji huyo alikuwa na upeo wa matarajio uliokwisha kujengwa: nahodha mwema huketi na maafisa mezani, huuliza maoni, kisha huamua. Mtazamaji huyo si shahidi wa nje. Ni mwenyeji wa chombo, na Jellico anapoingia anakuwa mgeni nyumbani kwake. Agizo la kumwondoa samaki ni dogo kiutawala, lakini kiusimulizi ni sawa na mgeni kuingia sebuleni na kuanza kusogeza viti.

Kwa sababu hiyo ukali wa Jellico haushuhudiwi tu, unahisiwa. Wayne Booth, katika The Rhetoric of Fiction ya mwaka 1961, alieleza jinsi kuonyeshwa undani wa mhusika kunavyoweza kumvutia msomaji upande wa mhusika huyo hata anapokosea. Katika kisa hiki undani umegawiwa bila usawa. Malalamiko ya La Forge na uchungu wa Riker husikilizwa faraghani, Jellico asipokuwapo. Yeye mwenyewe huonwa kutoka nje, akiwa njiani, akitoa amri huku akitembea. Mara moja tu, baada ya kikao na mjumbe wa Wacardassia, Gul Lemec, Troi anamfichulia Riker kwamba nahodha huyo hajiamini kama anavyoonekana. Dokezo hilo ni zito. Linabadilisha ukali wote kuwa barakoa ya hofu. Hata hivyo halikuzwi, na mtazamaji aliyekwisha kuudhika hulipita kama kijiwe njiani.

Kuna kinaya kikubwa zaidi. Jellico anatundika ofisini michoro ya mwanawe, ishara ya pekee kwamba ana maisha nje ya kazi. Madred naye ni mzazi, na binti yake huingia katika chumba cha mateso akapokewa kwa upole. Lakini Madred anapewa zaidi ya hapo: anapewa utoto. Picard, na hadhira pamoja naye, wanasikia jinsi alivyokuwa mtoto mwenye njaa mitaani, na kumbukumbu hiyo inageuka kuwa silaha ya Picard dhidi yake. Kwa maneno mengine, matini imekuwa karimu zaidi kwa mtesaji kuliko kwa nahodha. Mtu anayemtesa shujaa wetu anaeleweka. Mtu anayembadilishia zamu haeleweki. Mtetezi wa Jellico, anapomtafutia sababu na historia, anafanya kazi ambayo kisa chenyewe kilikataa kuifanya.

Si lazima iwe hivyo katika hadithi za aina hii. Herman Wouk, katika riwaya ya The Caine Mutiny ya mwaka 1951, alimweka Nahodha Queeg, mshika kanuni, mahali pa De Vriess aliyezoeana na watu wake. Msomaji huvutwa upande wa maafisa wanaoasi. Lakini baada ya wakili wao Greenwald kushinda kesi, yeye mwenyewe anawageukia na kuwashutumu kwa kumwangusha mtu waliyestahili kumsaidia. Wouk aliingiza mageuzi ya hukumu ndani ya riwaya yenyewe. "Chain of Command" haina Greenwald. Mageuzi hayo yameachiwa hadhira, na mabishano ya mashabiki ndiyo sura ya mwisho ambayo kisa hakikuiandika.

Chumba cha Taa Nne

Hadi hapa huenda ikadhaniwa kwamba yote ni suala la mahali alipoketi mtazamaji, na kwamba hukumu yoyote ni sawa na nyingine. Makala haya hayakubali hitimisho hilo. Kisa kimepangwa kwa usambamba, na usambamba huo una maana.

Sehemu ya pili inapokezana kati ya mahali pawili: daraja la Enterprise, ambako Jellico anaamuru, na chumba cha Madred, ambako Picard anateswa. Madred anawasha taa nne nyuma yake na kumtaka mateka aseme ni tano. Chimbuko la mtihani huu linafahamika: katika Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949, O'Brien anainua vidole vinne na kumtaka Winston aone vitano. Swali la taa halina faida ya kijasusi. Elaine Scarry, katika The Body in Pain ya mwaka 1985, alisisitiza kwamba swali la mtesaji ni kisingizio, na kwamba lengo la mateso ni kuuangamiza ulimwengu wa mteswa pamoja na sauti yake. Madred hataki tena mipango ya Minos Korva. Anataka Picard asiwe na neno lake mwenyewe.

Hii ndiyo sura ya mwisho ya mamlaka katika kisa: mamlaka yasiyotosheka na utiifu wa mkono, yanayodai pia utiifu wa jicho. Je, Jellico ni ndugu mdogo wa Madred? Wanaomlaumu wamejaribiwa kusema hivyo. Lakini ulinganisho wa makini unaonyesha tofauti ya aina, si ya kiwango. Jellico anadai zamu ziwe nne. Hadai kwamba watu waseme zamu nne zinawapendeza. Troi anapomweleza kwamba maafisa wana shida ya kuzoea mabadiliko, hamkanushi wala hamwadhibu, ingawa kumtwika yeye jukumu la kuwatuliza ni njia rahisi ya kukwepa tatizo. La Forge analalamika na kubaki kazini kwake.

Hata hivyo, Jellico hatoki katika ulinganisho huu akiwa safi. Kosa lake kubwa si zamu wala sare. Ni kukataa kukiri kwamba Picard alitumwa, jambo ambalo yeye na Riker walilijua kuwa kweli. Hapo, kwa sababu za kidiplomasia zinazoeleweka, nahodha anataka chombo kizima kikae kimya juu ya taa wanazoziona. Riker anavuliwa wadhifa kwa kukataa kunyamaza. Huenda alisema kwa hasira na bila staha, lakini alisema kweli, na mtu aliyelipa gharama ya kimya hicho alikuwa amefungwa katika chumba kingine. Watetezi wa Jellico, ambao huanza na zamu nne na kuishia na ushindi, mara nyingi huruka tukio hili. Walaumu nao hulitaja kama kosa moja miongoni mwa mengi, likiwa sambamba na samaki na sare. Kumbe ndilo tukio pekee ambamo amri ya Jellico inagusa ukweli wenyewe.

Kutoka Amri hadi Ombi

Kuna onyesho moja linalosahihisha kosa hilo kwa sehemu. Mabomu yanahitaji kutegwa kwa chombo kidogo, na mrushaji hodari kuliko wote ni Riker. Jellico anakwenda mwenyewe hadi chumbani mwa Riker na kupendekeza waweke vyeo kando. Kisha anamwambia kwamba hampendi, kwamba ni mkaidi na mwenye majivuno, na kwamba hamwoni kuwa afisa wa kwanza wa maana. Riker naye anajibu kwa kipimo kilekile: nahodha ana kiburi, hafungui akili yake, anataka kudhibiti kila kitu na kila mtu, na amewakaza watu hadi furaha imekauka chomboni. Hakuna anayebadili maoni ya mwenzake. Jellico anasema hatamwamuru. Riker anamtaka amwombe basi. Nahodha anaomba, na Riker anakubali.

Onyesho hili ni kinyume kamili cha chumba cha taa nne. Madred anataka kauli bila ukweli. Hapa ukweli wote unatolewa, tena ule mchungu, na hakuna anayeadhibiwa kwa kuusema. Madred anaahidi raha kwa atakayekubali. Jellico hana cha kuahidi. Na jambo linalotatiza kambi zote mbili ni kwamba maafikiano hayapatikani. Kambi moja ingependa Riker ajifunze utiifu. Nyingine ingependa Jellico ajifunze utu. Kisa hakitoi somo lolote kati ya hayo. Kinaonyesha watu wawili wasiopendana wakifanya kazi iliyomwokoa wa tatu, baada ya kila mmoja kuruhusiwa kuhesabu taa kwa sauti yake.

Onyesho la mwisho linakaza hoja hii. Picard, ambaye mbele ya Madred alipaza sauti kwamba taa ni nne, anamweleza Troi faraghani kwamba mwishoni alifika mahali pa kuamini kwamba aliona tano. Shujaa anayependwa ndiye aliyekaribia kupoteza jicho lake. Nahodha asiyependwa ndiye aliyemrudisha mahali ambapo angeweza kukiri hivyo bila hofu. Mgeni njoo, wasema Waswahili, mwenyeji apone. Methali haisemi kwamba mwenyeji atampenda mgeni huyo.

Hitimisho

Mjadala wa mashabiki juu ya Jellico umedumu kwa sababu kisa kilimpa ushindi na kumnyima undani. Mlaumu anasoma kwa jicho la mwenyeji aliyesogezewa viti. Mtetezi anasoma kwa jicho la mtu anayetazama matokeo na kuuliza nani angefanya vizuri zaidi. Kila kambi inasoma matini halisi, na kila moja inaacha nusu yake.

Usomaji uliopendekezwa hapa unahamisha swali. Mamlaka makali na mamlaka maovu si kitu kimoja, na upole wa Picard si dhamana pekee ya uongozi bora. Kwa kipimo cha taa, Jellico alishindwa pale alipomvua Riker wadhifa kwa kusema kweli juu ya mateka, na alifaulu pale alipovuka mlango wa Riker ili kuisikia kweli hiyo kumhusu yeye mwenyewe. Alifaulu akiwa amechelewa, na kwa kulazimika. Viongozi wengi wa bunilizi, na wa nje ya bunilizi, hawafiki mlangoni hapo kabisa.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, funzo ni la kimbinu. Hadhira inapogawanyika juu ya mhusika, mhakiki asikimbilie kutoa hukumu ya nani ana haki. Achunguze kwanza nani amepewa undani na nani amenyimwa, nani anasikilizwa faraghani na nani anaonwa kwa mgongo tu. Huko ndiko ugomvi ulikoanzia.